Sehemu ya 9: Milima mifupi isiyotaka dharau

Haya ndugu zangu, tumefika sehemu ya 9. Kwa waliojiunga juzi: mimi ni muuguzi, diploma yangu niliipatia Kenya, mzaliwa wa Taita, na huu ni mwaka wa 3 nafanya kazi katika hospitali moja kaskazini mwa Uingereza. Sehemu ya 8 tuliongea habari za zamu za usiku na usingizi. Chini yake mkaniuliza swali moja watu wengi: "Sista, zile picha umejaa tope hadi magotini na kondoo nyuma yako, hiyo ni kazi gani tena?" Leo nawajibu. Chemsha chai kabisa, manake ni ndefu.

Hiyo si kazi. Hiyo ni wikendi yangu.

Nianze na hesabu ili mcheke kwanza. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ule wa Uskoti uitwao Ben Nevis, una mita 1,345. Wa Wales, Yr Wyddfa ambao wengi wanauita Snowdon, una mita 1,085. Ule mrefu zaidi wa England yenyewe, Scafell Pike, ni mita 978 tu. Sasa sisi kwetu Taita, kilele cha Vuria kina mita 2,208, na pembeni yake kuna watu wana mashamba ya mahindi na mbuzi. Mlima Kenya una 5,199. Kwa hiyo nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba hapa watu wanafunga safari, wanavaa viatu maalumu na kubeba ramani kwa ajili ya kitu cha mita 900, nilicheka peke yangu kwenye chumba cha chai cha wodini.

Aliyeniambia ni mama mmoja tunayefanya naye kazi, msaidizi wa wauguzi, umri wake kama wa mama yangu mzazi. Nitamwita Bibi. Mwembamba kama ufito, miguu yake yote mishipa, na ukimwona anageuza mgonjwa kitandani utadhani ana miaka 30. Siku moja ya Februari alinikuta nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, zamu imekwisha, nimeshindwa kunyanyuka.

Hebu niwaeleze Februari ya huku. Unaingia kazini saa moja asubuhi, nje giza. Unatoka saa mbili kasorobo usiku, nje giza. Siku yako ya ofu unalala, ukiamka jua limeshazama. Nilikuwa na wiki ya 5 sijaona jua kwa macho yangu. Nyumbani natumiwa ujumbe wa karo ya mdogo wangu, huku nalipa kodi ya chumba, na usiku nafungua simu naangalia bei ya tiketi ya kurudi Mombasa, ya kwenda tu. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ile barua ya kuacha kazi kichwani.

Bibi hakuniuliza maswali mengi. Aliniambia niende kwa daktari, na akaongeza, "Jumamosi tunapanda mlima. Nitakupitia saa moja." Nilifanya yote mawili. Naomba mzingatie hapo: yote mawili. Daktari alinipima damu, vitamini D yangu ilikuwa chini sana. Sisi wenye ngozi nyeusi tukiwa nchi hizi jua halitutoshi, na ushauri wa afya wa hapa ni kwamba watu kama sisi tufikirie kutumia maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Akanipangia pia mtu wa kuongea naye. Msije mkasema Sista kasema mlima unatibu huzuni. Huzuni ikizidi ni ugonjwa, na ugonjwa una hospitali yake. Mlima ulikuja kunisaidia kwa namna nyingine.

Jumamosi hiyo tulipanda Cat Bells, mita 451, juu ya ziwa la Derwentwater karibu na mji wa Keswick. Mlima wa watoto, ndivyo wanavyousema. Mimi mtoto wa Taita nilihema kama mvukuto. Zamu za saa 12 zinakudanganya: unatembea siku nzima kwenye sakafu tambarare, unadhani una mazoezi. Lakini juu kule mawingu yalifunguka kama dakika 10 hivi, jua likanipiga usoni, na nikaona maji chini na milima mingine nyuma yake, na nyingine tena nyuma yake. Nikapumua hadi chini ya kitovu. Nilipofika nyumbani nililala saa 9 bila kuamka. Kesho yake sikuangalia bei ya tiketi. Jumatatu pia sikuangalia.

Basi ndipo nikaanza kuijifunza hiyo milima.

Kule Cumbria, sehemu iitwayo Lake District, mlima wanauita fell. Ni neno la kale lililoletwa na watu wa Skandinavia waliohamia huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo hata jina la mlima ni la wahamiaji. Nilipojua hilo nilitabasamu kidogo. Halafu kuna bwana mmoja, Alfred Wainwright, aliyekuwa mhasibu wa mji wa Kendal. Kila wikendi alipanda basi akaenda mlimani, usiku akachora na kuandika kwa mkono wake, kati ya mwaka 1955 na 1966 akatoa vitabu 7 vyenye milima 214. Leo watu wanaihesabu hiyo milima 214 kama tasbihi. Bibi alimaliza zamani, sasa yuko mzunguko wa pili. Mimi nina 19.

Na wako wanaoikimbia. Ndiyo, wanaikimbia! Hizi si mbio za barabarani. Hakuna njia iliyochorwa. Unaambiwa kilele kile na kile lazima ufike, katikati tafuta njia mwenyewe kwa ramani na dira, upite kwenye matope, mawe yanayoporomoka na nyasi zinazoteleza. Viatu vina meno ya mpira chini kama tairi la trekta. Zawadi wakati mwingine ni ndogo ya kuchekesha, na mwisho mnakusanyika kwenye ukumbi wa kijiji mnakunywa chai na keki za akina mama. Nilipopelekwa mara ya kwanza, nikisema natoka Kenya, kila mtu alinitazama miguu. Wanadhani sote ni Kipchoge! Nikawaambia, jamani, mimi ni Mtaita, kwetu tunapanda mlima na debe la maji kichwani, hatukimbii. Na hata kama ningekimbia, kupanda ningejitahidi. Kushuka ndiko wanakotuacha. Wanashuka kama mawe, mikono hewani, nami nashuka kwa makalio.

Mwaka 1932 mtu wa Keswick mwenye nyumba ya wageni, Bob Graham, alizunguka vilele 42 ndani ya saa 24, akaanzia na kumalizia penye jengo la Moot Hall katikati ya mji. Ni kama kilomita 106, na ukijumlisha kupanda kwake kote ni zaidi ya mita 8,000. Ilipita miaka 28 ndipo mwingine akafanikiwa. Kisha kuna Joss Naylor, mchunga kondoo wa bonde la Wasdale, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo akiwa kijana, na mwaka 1975 akafika vilele 72 ndani ya saa 24. Alipotimiza miaka 70 akakimbia vilele 70. Amefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 88. Nyie mnaoniambia inboksi kwamba mgongo umekwisha mkiwa na miaka 34, nawasalimu.

Lakini anayenifurahisha kuliko wote ni Jasmin Paris. Ni daktari wa mifugo. Januari 2019 aliingia mbio za Spine, kilomita 431 juu ya uti wa mgongo wa England hadi Uskoti, usiku mrefu, theluji na upepo. Alikuwa na mtoto ananyonya. Kwenye vituo vya kupumzika alikuwa anakamua maziwa, halafu anaendelea. Alimaliza kwa saa 83 na dakika 12, akawashinda wote, wanaume kwa wanawake, na rekodi ya mbio hizo akaipunguza kwa saa 12. Wakunga wenzangu, simulieni hiyo kliniki.

Sasa nije kwenye neno lililonikaa moyoni.

Mama yangu nilimpigia video nikiwa juu ya mlima uitwao Blencathra. Akatazama, akatazama, akauliza, "Mnaenda kuchota nini huko?" Nikasema hakuna mama, tunatembea tu. "Kuni?" Hapana. "Kuna ndugu wa mtu anaishi huko?" Hapana. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, na upole wa mama mnaujua unavyochoma: "Nilidhani huko ulikwenda kupumzika na mlima."

Ndugu zangu, mama yangu alipanda mlima miaka 40 na mzigo mgongoni. Maji, kuni, mahindi, mimi mwenyewe. Magoti yake yameisha kwa hiyo kazi. Sasa binti aliyemsomesha ili asibebe, anatoa pesa ya mafuta ya gari kwenda kupanda bure. Na si mama pekee. Binamu aliniandikia kwamba pesa ya viatu ingelipa nusu ya karo. Viatu hivyo ni vya mtumba, lakini swali ni la haki. Wengi wenu mlio ng'ambo mnalijua hilo swali. Ukinunua koti, unahesabu ni mifuko mingapi ya unga. Ukila hotelini, chakula hakishuki.

Nimelifikiria wiki nyingi na jibu langu ni hili. Mimi kazi yangu ni mwili na akili. Nikiharibika, hakuna karo, hakuna unga, na mgonjwa wa kitanda cha 6 anapata dozi kwa mtu aliyechoka. Punda tunamwachia siku ya kupumzika ili kesho abebe, na hatumwiti mvivu. Nikakaa chini na daftari, nikaandika: cha nyumbani hiki, kodi hii, akiba hii, na mlima huu, kidogo, lakini una mstari wake. Mafuta tunachangia watu 4. Tunalala hosteli, tunapika wenyewe. Cha nyumbani hakijapungua hata shilingi. Nilimweleza mama hivyo hivyo bila kumficha. Hakusema ndiyo wala hapana. Ila wiki iliyofuata aliuliza, "Wale kondoo ni wa nani? Mbona hawana mchungaji?"

Swali zuri sana hilo. Wale ni kondoo wa Herdwick, wenye sufu ya kijivu ngumu. Mlima hauna uzio, lakini kila kundi linajua eneo lake, na kondoo mama humfundisha mwanawe mipaka kwa kutembea naye tu. Mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo, makundi mengi yaliuawa, na wafugaji waliogopa kwamba ule ujuzi ungekufa nayo, maana ukinunua kondoo wapya hawajui mlima. Mama alielewa upesi kuliko mimi. Akasema, "Kondoo mgeni lazima apotee kwanza." Tukanyamaza wote wawili kwenye simu.

Kuna historia nyingine niliyomsimulia. Mwaka huo huo wa 1932, mwezi Aprili, wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walikwenda mamia kwa mamia kupanda mlima Kinder Scout, mita 636. Mlima ulikuwa umefungwa, mabwana wenye ardhi walikuwa wanautunzia ndege wao wa kuwinda. Walinzi wakawazuia, vijana 5 wakafungwa jela. Baadaye sheria zikaja, hifadhi za taifa zikaanzishwa kuanzia 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea kwenye nyika za milimani. Sisi tuliokulia tukipita kando ya waya wa mashamba ya katani tunaielewa hiyo habari bila mkalimani. Kwa hiyo nikitazamwa mara mbili mlimani kwa sababu ya rangi yangu, na hutokea, nakumbuka kwamba hata Mzungu maskini aliufungulia mlima huo kwa kufungwa jela. Halafu kusema kweli, watu wa mlimani wanasalimia. Yule anayekaa kimya pembeni yako kwenye basi, mlimani atakuambia habari ya asubuhi na kukuuliza kama una chai.

Mwisho, na hapa nataka msome polepole, hasa nyie mnaokuja huku mwaka huu.

Oktoba iliyopita tulikwenda Helvellyn, mita 950. Kijijini Glenridding kulikuwa na nyuzi 11 na kajua. Tukapanda hadi kwenye ziwa dogo la Red Tarn, kama mita 700 juu. Pale wingu likashuka, mvua ya kulala, upepo unakusukuma hatua ya pembeni. Bibi alitazama juu mara moja, akasema, "Leo basi." Mmoja wetu akalalamika, tumeendesha saa mbili! Bibi akajibu kwamba kilele kitakuwepo hata mwezi ujao. Tukageuka.

Tukishuka tukamkuta kijana, kama miaka 20, amekaa juu ya jiwe. Suruali ya jinzi imelowa, sweta la pamba limelowa, rafiki yake amesimama anamvuta mkono. Rafiki akasema amechoka tu. Mimi nikamwuliza jina, akalisema kama mlevi. Nikamwambia funga zipu, vidole havikutii. Nikamwuliza tarehe ya kuzaliwa, akanitajia mwezi, akaishia hapo. Kutetemeka kwenyewe kulikuwa kumeanza kufifia ilhali hajapata joto. Wauguzi mnajua hiyo maana yake. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anatetemeka, anajikwaa, ananung'unika. Likizidi kushuka, kutetemeka kunakoma, na wasiojua wanadhani amepata nafuu.

Bibi alitoa mfuko mkubwa wa rangi ya machungwa, hema lisilo na nguzo, tukaingia wote 6 tukaufunika vichwani. Tukamkalisha juu ya mikoba asiguse ardhi. Tukamvua ya juu iliyolowa, tukamvika sufu kavu, kofia, koti langu la akiba. Hatukumsugua mikono wala miguu, na hakuna aliyetoa pombe. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe, chai ya sukari nyingi, mafunda madogo. Mwenzetu akapiga 999, akaomba polisi, kisha uokoaji wa milimani, akasoma namba za ramani mahali tulipo. Ndani ya ule mfuko, mabega kwa mabega, baada ya muda kijana akaanza kutetemeka tena kwa nguvu, meno yanagonga. Nilifurahi kama nimesikia kichanga kinalia.

Waokoaji walifika, wamelowa, wanatabasamu. Nikaja kujua kwamba hao ni watu wa kujitolea. Fundi bomba, mwalimu, mwenye duka. Wanaacha kazi zao wanapanda usiku na mchana, na hakuna bili. Kijana alishuka salama.

Kwa hiyo nikiambiwa milima ya huku ni mifupi, siku hizi sicheki. Kilimanjaro unapanda kwa siku kadhaa, una mpagazi na mwongozaji, mwili unazoea. Huku unaegesha gari, baada ya saa mbili uko kwenye upepo na mvua, na kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi kabla hujauhesabu upepo.

Shikeni haya. Usivae pamba wala jinzi, vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka upesi. Koti na suruali ya mvua vikae mkobani hata kama kuna jua, pamoja na kofia, glavu, tochi ya kichwani, chakula cha akiba, ramani na dira. Simu si ramani, betri hufa kwa baridi. Beba filimbi: ukipatwa, puliza mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Jibu lake ni mara 3. Hesabu muda kwa kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 14 zenye mita 800 za kupanda ni zaidi ya saa 4 bila kupumzika. Desemba saa kumi jioni giza linaingia, kwa hiyo piga hesabu kuanzia giza ukirudi nyuma. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Na mwenye uzoefu akisema turudi, rudini. Msipige kura.

Kwa wauguzi wapya mlioko kaskazini: tarehe za mwezi ujao nimeziweka kwenye kundi letu. Tunaanza na Cat Bells, polepole, watoto wanaruhusiwa. Koti la akiba ninalo moja, viatu vya namba 6 pea moja, atakayewahi kuandika hapa chini atapata. Usiye na gari usiogope, tunapitia watu. Chapati ninapika mimi.

Sehemu ya 10 ni Jumapili: namna ya kusoma hati ya mshahara ya huku, mstari kwa mstari. Njooni na kalamu.